Upana wa Daraja na Umbo la Data: Uchoraji wa Histogramu ya Mgawanyo wa Marudio kwa Programu za Kompyuta, kwa Kurejelea Kata ya Zuzu, Dodoma

1.0 Utangulizi

Kata ya Zuzu ipo upande wa magharibi wa kitovu cha Jiji la Dodoma, katika ukanda wa nyanda kame za kati ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Nje ya Dodoma jina la Zuzu hutajwa zaidi kwa sababu ya kituo cha kupoza umeme kilichopo huko. Kwa mtafiti wa uchumi wa kaya, hata hivyo, Zuzu ni mfano mzuri wa kata ya pembezoni mwa mji: shamba la mtama, uwele, karanga au alizeti linaweza kupakana na kiwanja kilichopimwa. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 azma ya kuhamishia shughuli zake Dodoma, na tangu mji huo ulipopewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, suala la nani ana ardhi kiasi gani katika kata za namna hiyo limepata uzito mpya.

Swali lisiloepukika katika dodoso la utafiti wa aina hiyo ni kaya ina ekari ngapi. Majibu yakishaingizwa katika kompyuta, mtafiti hutakiwa kuonesha mgawanyo wake, na njia iliyozoeleka ni histogramu. Programu huichora kwa sekunde chache. Urahisi huo umefanya uchoraji wenyewe uonekane kuwa kazi ya karani, isiyostahili maelezo katika sura ya mbinu za utafiti. Tasnifu inaweza kutumia kurasa nne kutetea ukubwa wa sampuli, kisha ikaweka Kielelezo chenye nguzo saba bila neno moja la kueleza kwa nini ni saba.

Makala haya yanaeleza namna histogramu ya mgawanyo wa marudio inavyotengenezwa kwa programu za kuchora grafu, na yanajenga hoja moja: mipaka ya madaraja ni uamuzi wa kitafiti sawa na uteuzi wa sampuli, na programu ikiachiwa uamuzi huo inaweza kubadili jibu la swali la utafiti bila kugusa data hata moja. Kwa kuwa data za kaya si mali ya umma, hesabu za hatua kwa hatua zimefanywa kwanza kwa takwimu zilizo wazi kwa kila msomaji, yaani idadi ya watu katika mikoa 31 ya Tanzania kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Baadaye mjadala unarudi kwenye ekari za Zuzu, ambako tatizo ni gumu zaidi.

2.0 Histogramu si grafu ya nguzo

Neno histogramu liliingia katika taaluma ya takwimu kupitia kwa Karl Pearson wa Uingereza katika muongo wa 1890. Kwa macho, mchoro huo unafanana na grafu ya nguzo inayofundishwa shule ya msingi, na mfanano huo umeleta mkanganyiko wa kudumu. Grafu ya nguzo huonesha idadi katika makundi yenye majina, kwa mfano kaya zinazolima mtama, zinazolima uwele na zinazolima karanga. Nguzo za mtama na karanga zikibadilishana nafasi, hakuna kinachoharibika. Nafasi kati ya nguzo moja na nyingine haina maana yoyote, wala upana wa nguzo hauna maana.

Katika histogramu mambo ni kinyume. Mhimili wa mlalo ni kipimo cha namba, kama rula. Kila nguzo imesimama juu ya kipande cha rula hiyo, na kipande hicho ndicho kinachoitwa daraja. Nguzo hugusana kwa sababu daraja moja linapoishia ndipo jingine linapoanzia. Pengo likionekana, lina maana kwamba hakuna data iliyoangukia hapo. Zaidi ya hayo, kinachobeba idadi ni eneo la nguzo, si urefu wake. Madaraja yakiwa na upana ulio sawa, tofauti hiyo haionekani, maana urefu na eneo hukua pamoja. Upana ukitofautiana, urefu wa nguzo hauna budi kuwa idadi iliyogawanywa kwa upana wa daraja, yaani msongamano wa data katika kila kizio kimoja cha mhimili.

Kutokana na hayo, majibu ya kipimo cha mtazamo chenye namba 1 hadi 5, kuanzia “sikubaliani kabisa” hadi “nakubali kabisa”, hayafai kuchorewa histogramu. Namba hizo ni majina ya ngazi tu. Programu za takwimu hazikatai kuzichora, na baadhi huweka juu yake mkunjo wa kengele uliolala kwa madaha juu ya nguzo tano. Mtahini anayekutana na mkunjo huo ana haki ya kuuliza nini kipo kati ya “sikubaliani” na “sijui”.

3.0 Maandalizi ya safu ya data

Programu yoyote itakayotumika, iwe lahajedwali ya Excel au LibreOffice Calc, iwe R, Python au GeoGebra, inahitaji kitu kimoja: safu moja ya namba ghafi, kila jibu kwenye mstari wake. Jedwali la marudio lililokwisha kujumlishwa halitoshi. Mtafiti aliyeingiza “ekari 1 hadi 2: kaya kadhaa” tangu kwenye dodoso amekwisha kufungia madaraja yake uwanjani, na hakuna programu itakayoweza kuyafungua.

Makosa mawili ya safu hujirudia. La kwanza ni namba kusomwa kama maneno. Idadi iliyoandikwa 3,085,625, ikinakiliwa kutoka kwenye ripoti pamoja na mikato yake, inaweza kuchukuliwa na programu kuwa ni herufi. Programu nyingine itatoa taarifa ya kosa. Nyingine itairuka kimyakimya na kuchora zilizobaki. Kwa hiyo jumla ya marudio ya nguzo zote lazima ilinganishwe na idadi ya mistari ya safu kabla ya jambo jingine lolote. Kosa la pili ni alama za majibu yaliyokosekana. Ikiwa 99 imetumika kwa mhojiwa asiyejua ukubwa wa shamba lake, histogramu itamchora kama mmiliki wa ekari 99, peke yake upande wa kulia, naye atauvuta wastani pamoja naye. Hilo nalo ni faida ya histogramu: kosa ambalo wastani hulificha, mchoro hulitoa nje mara moja. Inafaa basi ichorwe mapema, wakati bado inawezekana kurudi kwenye dodoso, kabla ya uchanganuzi kukamilika.

4.0 Mikoa 31: data moja, maumbo manne

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, 59,851,347 wakiwa Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Mkoa wenye watu wengi zaidi ulikuwa Dar es Salaam, watu 5,383,728. Wenye watu wachache zaidi ulikuwa Kusini Unguja, watu 195,873. Dodoma ilikuwa ya tano kwa watu 3,085,625. Wastani wa mkoa ni watu 1,991,649. Namba ya katikati, ile inayoacha mikoa 15 juu yake na 15 chini yake, ni ya Singida: 2,008,058.

Wastani na namba ya katikati vimekaribiana sana. Mtafiti anayetegemea muhtasari wa namba peke yake angeweza kuandika kwamba mgawanyo una ulinganifu wa pande mbili, akaendelea na majaribio yanayodai ulinganifu huo. Histogramu inaonesha kwa nini hilo si sahihi. Ikichorwa kwa madaraja ya watu milioni moja kuanzia sifuri, marudio yake ni haya:

Jedwali 1: Mikoa kwa madaraja ya watu milioni moja
0 hadi milioni 1: mikoa 6
Milioni 1 hadi 2: mikoa 9
Milioni 2 hadi 3: mikoa 11
Milioni 3 hadi 4: mikoa 4
Milioni 4 hadi 5: hakuna
Milioni 5 hadi 6: mkoa 1

Kilima kinapanda hadi milioni mbili na tatu, kinashuka ghafla, kisha linakuja pengo na nguzo ya Dar es Salaam peke yake. Wastani haukuvutwa juu na Dar es Salaam kwa sababu upande wa pili mikoa midogo ya Zanzibar iliuvuta chini. Mvutano huo ndio uliozalisha ulinganifu wa bandia.

Upana ukipunguzwa hadi watu 500,000, jambo jipya linajitokeza. Marudio kuanzia sifuri huwa 4, 2, 4, 5, 8, 3, 3, 1, kisha madaraja mawili matupu, kisha 1. Daraja la kwanza lina mikoa minne, yote ya Zanzibar: Kusini Unguja, Kaskazini Unguja, Kusini Pemba na Kaskazini Pemba. Linalofuata lina miwili tu, Njombe na Mjini Magharibi. Bonde hilo dogo si ajali ya hesabu. Linaonesha kwamba orodha ya mikoa inachanganya mifumo miwili ya mipaka ya kiutawala, mmoja wa visiwani na mwingine wa bara, na kwamba swali la “mkoa wa kawaida wa Tanzania una watu wangapi” pengine halina jibu moja. Katika madaraja ya milioni moja mikoa hiyo sita ilikaa nguzo moja, na habari hiyo haikuonekana.

Upana ukiongezwa hadi milioni mbili, picha hufutika karibu yote: mikoa 15, mikoa 15, mkoa 1. Anayeutazama mchoro huo atadhani mikoa imetawanyika sawasawa.

Umbo la nne ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa upana wake haukubadilika. Madaraja yakibaki ya milioni moja lakini mipaka ikasogezwa kwa nusu milioni, yaani 500,000, 1,500,000, 2,500,000 na kuendelea, marudio yanakuwa 4, 6, 13, 6, 1, 1. Sasa kengele inakaribia kukamilika: sita kushoto, kumi na tatu katikati, sita kulia. Hakuna mkoa ulioongezwa wala kuondolewa. Kilichosogea ni rula. Singida, yenye ziada ya watu 8,058 tu juu ya milioni mbili, katika mchoro wa kwanza ilikuwa daraja moja na Kagera yenye watu 2,989,299, huku Kagera ikitengwa na Dodoma ingawa tofauti kati yao ni watu 96,326. Katika mchoro wa pili Kagera na Dodoma zimekutana tena.

Kanuni za kukadiria upana zipo, na programu huzitumia bila kuzitaja. Herbert Sturges alipendekeza mwaka 1926 kwamba idadi ya madaraja iwe 1 ukijumlisha logi ya idadi ya data kwa kizio cha 2. Kwa data 31 hupatikana madaraja 6, yaani upana wa takriban watu 865,000. David Scott, mwaka 1979, alitumia mchepuko sanifu: 3.49 mara mchepuko huo, ukigawanywa kwa kipeo cha theluthi cha idadi ya data. Kwa mikoa 31 hupatikana takriban 1,270,000. Freedman na Diaconis, mwaka 1981, walitumia umbali kati ya robo ya kwanza na robo ya tatu badala ya mchepuko sanifu, ili data moja kubwa kupita kiasi isiamue upana. Kwa mikoa hiyo hupatikana takriban 860,000. R huanza na Sturges, kisha huzungusha mipaka ili iwe namba zinazosomeka, na ndiyo maana huishia kwenye madaraja ya milioni moja. Chati ya histogramu ya Excel hufuata Scott na huanza kwenye data ndogo kuliko zote, hivyo mpaka wa kwanza huwa 195,873, namba isiyokuwa na maana yoyote kwa msomaji. Maktaba ya matplotlib ya Python hugawanya umbali wote katika madaraja kumi, data ziwe 31 au 31,000.

Wanafunzi wanne wa darasa moja, wakipewa safu moja, wanaweza basi kuleta vielelezo vinne tofauti, na kila mmoja akasema kwa ukweli kwamba ndivyo kompyuta ilivyotoa. Jibu hilo halitoshelezi. Sturges na Scott wote walianza na dhana ya mgawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele, na mara nyingi histogramu huchorwa ili kubaini kama dhana hiyo inashika. Kanuni hizo zinafaa kuwa mahali pa kuanzia: mtafiti achore kwa upana uliopendekezwa, kisha kwa nusu yake na kwa mara mbili yake, asogeze mwanzo, na aripoti sifa zile tu zinazodumu katika michoro yote. Kwa mikoa 31, kilichodumu kila madaraja yalipokuwa membamba kiasi cha kuonesha umbo ni kilele kuzunguka milioni mbili na upweke wa Dar es Salaam. Kengele haikudumu.

Ipo pia desturi ya kuunganisha madaraja ya mwisho yenye data chache. Mikoa mitano yenye watu zaidi ya milioni tatu inaweza kuwekwa katika daraja moja la milioni tatu hadi sita. Ikichorwa kwa urefu wa 5, nguzo hiyo, ikiwa na upana mara tatu, itakuwa na eneo la 15 na kufanana na kundi kubwa kuliko yote. Urefu wake sahihi ni 5 kugawanya kwa 3, yaani takriban 1.67 kwa kila milioni. Chati za lahajedwali hazifanyi mgawanyo huo zenyewe: daraja la “zaidi ya” katika Excel huchorwa kwa upana uleule wa mengine, na mhimili huacha kuwa rula bila kutangaza.

5.0 Ekari za Zuzu na tatizo la mpaka

Hakuna mkoa uliokuwa na watu milioni moja kamili wala milioni mbili kamili. Kwa sababu hiyo swali moja halikujitokeza katika sehemu iliyotangulia: data iliyoangukia juu ya mpaka wenyewe ihesabiwe upande gani? Katika data za mashamba swali hilo halikwepeki. Mhojiwa hasemi ekari 1.13. Husema ekari moja, ekari moja na nusu, ekari mbili. Namba za majibu na namba ambazo mtafiti angependelea kuzifanya mipaka ni zilezile.

Ichukuliwe orodha ya kubuni ya mashamba kumi, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya tu: ekari 0.5, 1, 1, 1, 1.5, 2, 2, 3, 3 na 4. Mipaka iwekwe kwenye 0, 1, 2, 3 na 4. Katika R, kwa mpangilio wake wa kawaida, data iliyo juu ya mpaka huhesabiwa katika daraja linaloishia hapo. Marudio huwa 4, 3, 2, 1: ngazi inayoshuka, wengi wakiwa na mashamba madogo kabisa. Kitendakazi cha FREQUENCY cha lahajedwali nacho huhesabu hivyo. Katika Python, kupitia NumPy na matplotlib, data iliyo juu ya mpaka huhesabiwa katika daraja linaloanzia hapo, isipokuwa daraja la mwisho ambalo hufungwa pande zote mbili. Marudio huwa 1, 4, 2, 3: vilele viwili, na mashamba madogo kabisa karibu hayapo.

Safu ni moja na mipaka ni ileile. Mchoro wa kwanza ukisomwa bila tahadhari, kaya nne kati ya kumi zipo katika tabaka la chini. Katika wa pili ni kaya moja kati ya kumi. Ikiwa tasnifu inapendekeza nani apewe kipaumbele katika ugawaji wa pembejeo, au inakadiria ni kaya ngapi zitabaki bila shamba la kutosha baada ya upimaji wa viwanja, tofauti ya nne na moja si suala la urembo wa kielelezo. Watu wenye ekari moja kamili ndio wanaosogezwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, nao hawajui.

Dawa yake ni nyepesi. Mipaka iwekwe mahali ambapo hakuna jibu linaloweza kuangukia. Ikiwa majibu hutolewa kwa nusu ekari, mipaka ya 0.25, 1.25, 2.25 na kuendelea itatoa 4, 3, 2, 1 katika programu zote. Mipaka ya 0.75, 1.75, 2.75 na 3.75, ikitanguliwa na daraja la chini ya 0.75, itatoa 1, 4, 2, 2, 1 katika programu zote. Uamuzi bado upo, lakini sasa ni wa mtafiti na umeandikwa: daraja la kwanza linakusudia kuwajumuisha wenye ekari moja au haliwakusudii. Katika R na Python mipaka huorodheshwa moja kwa moja ndani ya amri ya kuchora. Katika lahajedwali huandikwa kwenye safu ya pembeni, kitendakazi cha FREQUENCY huhesabu, na matokeo huchorwa kwa nguzo ambazo pengo kati yao limewekwa kuwa sifuri. Njia hii ya mwisho ni ndefu, ila ina faida kwamba kila hatua inaonekana na kukaguliwa. Katika LibreOffice Calc pia njia hiyo hutumika.

Madaraja yakifanywa membamba hadi nusu ekari, orodha hiyohiyo hutoa 1, 3, 1, 2, 0, 2, 0, 1. Nguzo zinapanda na kushuka kama meno ya msumeno, ndefu zikiwa kwenye ekari kamili. Meno hayo hayaelezi mashamba. Yanaeleza mazungumzo kati ya mdodosaji na mwenye shamba, jinsi ukubwa unavyokadiriwa kwa macho na kusemwa kwa namba nzima. Hali hiyohiyo hujulikana sana katika data za umri, ambamo majibu hurundikana kwenye miaka inayoishia na 0 na 5, hasa kwa wazee wanaohesabu umri wao kwa matukio badala ya cheti. Mtafiti asiyechora hata mara moja kwa madaraja membamba hataiona dosari hiyo, na anayechapisha mchoro huo bila maelezo atamfanya msomaji atafute sababu ya kiuchumi ya jambo lisilo na sababu ya kiuchumi.

6.0 Ekari zinapogeuzwa hekta

Majarida ya kimataifa hudai hekta. Ekari moja ni takriban hekta 0.405, na mgeuzo huo kwa kompyuta ni suala la kuzidisha safu nzima mara moja. Hapa ndipo mtego mwingine ulipo, na haujadiliwi inavyostahili.

Histogramu ikichorwa kwa madaraja ya nusu hekta, daraja la 0 hadi 0.5 hupokea shamba la ekari 1, ambalo sasa ni hekta 0.405. Daraja la pili hupokea ekari 2, yaani hekta 0.809, la tatu ekari 3, hekta 1.214, la nne ekari 4, hekta 1.619. Daraja la tano, hekta 2.0 hadi 2.5, hupokea ekari 5, hekta 2.023, pamoja na ekari 6, hekta 2.428. Kisha daraja la sita hupokea ekari 7 peke yake. Daraja la tano limekusanya makundi mawili ya majibu wakati majirani zake wamekusanya moja moja. Matokeo yake ni kilima kwenye hekta mbili na robo ambacho hakipo mashambani. Ni rahisi kukifikiria kikipewa jina, “wakulima wa kati” kwa mfano, na kuandikiwa aya nzima ya mjadala.

Kinachofaa ni kupanga madaraja katika kizio kilichotumika uwanjani, kisha kubadili maandishi ya mhimili tu. Mhimili unaweza kubeba ekari chini na hekta juu. Ikiwa utafiti umepima mashamba kwa kifaa cha setilaiti badala ya kuuliza, tatizo hilo hupungua, kwa kuwa vipimo havirundikani kwenye namba nzima. Lakini pale tasnifu inapochanganya mashamba yaliyopimwa na yaliyokadiriwa, makundi hayo mawili yachorwe mbalimbali, kwa mipaka ileile, moja juu ya jingine, kabla ya kuunganishwa.

7.0 Yanayopaswa kuonekana katika tasnifu

Maelezo ya chini ya kielelezo yanahitaji mambo machache tu, na sentensi moja inayatosha: idadi ya data zilizochorwa na zilizoachwa nje, upana wa daraja, mahali daraja la kwanza linapoanzia, upande ambao data za mpakani zimehesabiwa, na programu pamoja na toleo lake. Mfano wa sentensi hiyo kwa data za sensa ni: “Idadi ya watu katika mikoa yote 31, Sensa ya 2022, madaraja ya watu 500,000 kuanzia sifuri, hakuna data iliyoangukia mpakani.” Sababu ya kuchagua upana huo iende katika sura ya mbinu, pale pale panapoelezwa sampuli. Michoro ya upana mwingine, iliyotumika kupima uimara wa umbo, iwekwe katika viambatisho.

Safu ghafi nayo ingefaa kuambatishwa, ili mtahini aweze kuchora upya kwa mipaka yake mwenyewe. Kwa data za sensa hilo halina kizuizi. Kwa kata kama Zuzu kuna la kuangalia: jina la mtaa, idadi ya wanakaya na ukubwa wa shamba, vikiwekwa pamoja kwenye mstari mmoja, vinaweza kumtambulisha mhojiwa kwa jirani yake hata kama jina limefutwa, hasa mwenye shamba kubwa kuliko wote. Histogramu haihitaji vitambulisho hivyo. Safu ya ekari peke yake, ikiwa imepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa ili mfuatano wa nyumba zilizotembelewa upotee, inatosha kuuchora upya mchoro wote.